Jinsi ya Kucheza Pandemic Peke Yako, Hatua kwa Hatua

Karibu. Leo meza ni yako peke yako. Hakuna wa kumsubiri, hakuna wa kukuharakisha. Mchezo tutakaoutumia ni Pandemic wa Matt Leacock, uliotoka mwaka 2008: mchezo wa ubao wa kutafuta dawa za magonjwa manne yanayoenea duniani. Ukitazama boksi utaona umeandikiwa wachezaji 2 hadi 4. Lisikutishe hilo. Wachezaji wote wako upande mmoja, wanapambana na ubao, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuongoza wahusika wawili bila kubadilisha kanuni hata moja.

Tuanze kwa kuchagua wahusika. Kwa mara ya kwanza usichague kwa bahati nasibu. Mchukue Mwanasayansi, yule mwenye kete nyeupe, kwa sababu anagundua dawa kwa kadi nne za rangi moja badala ya tano. Wa pili awe Mtafiti, mwenye kete ya kahawia. Huyu anaweza kumpa mwenzake kadi yoyote ya mji, mradi wote wawili wamesimama mji mmoja. Wahusika wengine hulazimika kupeana kadi ya mji uleule waliomo. Wengi wangekushauri umchukue Tabibu kwanza, kwa kuwa anaondoa mjini vimraba vyote vya rangi moja, yaani vipande vinavyoonyesha ugonjwa, kwa kitendo kimoja. Mimi simpi mtu anayeanza, maana anakufanya ukimbizane na vimraba ukasahau dawa.

Sasa tazama ninavyopanga meza. Mwanasayansi namweka kushoto, Mtafiti kulia, na kadi za kila mmoja zinalala mbele yake zikiwa zimefunuliwa. Huna wa kumficha. Kila mmoja mgawie kadi nne, na kete zote mbili ziweke Atlanta penye kituo cha utafiti. Halafu chukua sarafu, au kifungo cha shati, chochote kile, ukiweke mbele ya mwenye zamu. Usikidharau kitu hiki. Anayecheza peke yake huchanganyikiwa zaidi kwenye swali la nani anafuata kuliko kwenye kanuni zenyewe.

Kadi za wachezaji zilizobaki ni 45. Zigawe mafungu manne: moja la kadi 12, matatu ya kadi 11. Kila fungu litie kadi moja ya mlipuko mkuu, zile za kijani, ulichange, kisha yapange moja juu ya jingine, lile kubwa likae juu kabisa. Jumla umepata kadi 49. Kila zamu unaokota mbili, kwa hiyo una zamu 24 kamili na vitendo vya zamu ya 25, basi. Zikiisha kabla hujapata dawa zote nne, umeshindwa.

Maambukizi ya mwanzo yanakwenda haraka: funua kadi tisa za maambukizi. Miji mitatu ya kwanza inapata vimraba vitatu kila mmoja, mitatu inayofuata viwili viwili, mitatu ya mwisho kimoja kimoja. Tayari.

Zamu yenyewe ina sehemu tatu, na ukiwa peke yako zitaje kwa sauti: vitendo vinne, kadi mbili, maambukizi. Kwa nini kwa sauti? Kwa sababu hakuna mtu pembeni wa kukwambia, "Hujaambukiza bado!" Ukiruka maambukizi mara mbili tu utashinda kwa ulaini, halafu utabaki unajiuliza ulishinda kweli au la.

Kuhusu kurudi nyuma, weka mpaka ulio wazi. Mpaka wangu ni huu: maadamu sijafunua kadi mpya, naruhusiwa kurudisha kete na kufikiri upya. Kadi ikishafunuliwa, yaliyopita yamepita. Bila mpaka wa namna hiyo mtu hujihurumia kidogo hapa, kidogo pale, na mwisho wake hachezi tena, anapanga tu vimraba vya rangi.

Hapa sitisha video kama unahitaji, kwa sababu tunaingia kwenye moyo wa mchezo.

Unapookota kadi ya mlipuko mkuu, fanya mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza, sogeza alama ya kasi ya maambukizi. Pili, chukua kadi ya chini kabisa ya fungu la maambukizi, ule mji uwekee vimraba vitatu. Tatu, kadi zote za maambukizi zilizokwisha kutumika zichange, uzirudishe juu ya fungu. Hili la tatu ndilo linalowaangusha watu. Miji inayofuata kuambukizwa ni ileile iliyokwisha kuugua. Tuseme kadi ya kijani imetoka zamu ya nne. Zimetumika kadi tisa za mwanzo, sita za zamu tatu zilizopita (mbili kila zamu), na ile ya chini: jumla 16. Maambukizi yote yajayo yatatoka kwenye hizo 16 kwanza. Kwa hiyo fungu la zilizotumika lichungulie kila baada ya zamu mbili tatu, inaruhusiwa. Kwa jinsi tulivyopanga mafungu, kadi ya kijani ya kwanza itatoka kabla zamu ya saba haijaisha. Kabla haijatoka, hakikisha hakuna mji ulio kwenye orodha hiyo wenye vimraba vitatu.

Na ukiwepo? Tazama ubao. Lagos ina vimraba vitatu vya njano, Kinshasa vitatu pia. Inatoka kadi ya Lagos. Hatuweki cha nne. Ugonjwa unamwagika, kila mji jirani unapata kimoja: São Paulo, Khartoum, Kinshasa. Lakini Kinshasa nayo imejaa, nayo inamwagika: Khartoum tena, na Johannesburg. Lagos haipati kitu, kwa kuwa mji haumwagiki mara mbili katika mnyororo mmoja. Kadi moja, mimwagiko miwili, na ikifika minane mchezo umekwisha. Mji ukishamwagika uwekee kipande cha karatasi mpaka mnyororo utulie, usije ukauhesabu tena.

Upande wa dawa, nikwambie wazi: ushindi ni kugundua dawa nne. Si lazima usafishe ubao. Mtafiti na akusanye kadi, kisha mpange wakutane na Mwanasayansi, ampe mbili tatu kwa zamu moja, naye Mwanasayansi akimbilie kituo cha utafiti. Chunga tu kikomo cha kadi saba mkononi, na chunga vimraba: kila rangi ina 24, rangi ikikuishia wakati unahitaji kuweka kimoja, umeshindwa hapohapo. Vimraba ondoa pale penye vitatu. Penye kimoja pita.

Kosa la mwisho la kuepuka: usimfanye mhusika mmoja kuwa mtumishi wa mwenzake. Kabla ya kila zamu jiulize huyu, kwa kadi zake na mahali alipo, angetaka kufanya nini. Mara nyingi jibu linapingana na mpango uliokuwa nao, na hapo ndipo utamu ulipo.

Ukishaizoea hali ya kuwa peke yako mezani, jaribu Friday wa Friedemann Friese, wa mwaka 2011, ambao umetungwa kwa mchezaji mmoja tu. Au Wingspan, mchezo wa kukusanya ndege wa porini, wenye mpinzani wa kadi anayeitwa Automa, ambaye anakuchukulia ndege unaowataka bila wewe kumfikiria kila hatua.

Kwa Pandemic, ukishinda mara mbili mfululizo, ongeza ugumu. Kadi 45 zigawe mafungu matano ya kadi tisa tisa, tia kadi tano za kijani badala ya nne, na safari hii wahusika wako wachague kwa kuchanga.