Ndoo ya Udongo kwa Kinyonga Jike

Ndugu zangu, habari za jioni.

Kinyonga wangu wa kwanza alikufa na mayai tumboni. Aliyeniuzia alisema, "Huyu hana dume, hatataga," nami nikaamini. Siku nne alizunguka chini ya tundu akikwaruza pembeni, panzi hawataki. Nikadhani anataka kutoroka. Kumbe alikuwa anatafuta udongo.

Namsema kinyonga wa Yemeni, yule mwenye kishungi kirefu kichwani, ambaye kwao ni Yemeni na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia. Katika hili ni kama kuku: hutaga hata bila dume. Anaweza kubeba mayai akiwa na miezi minne au sita tu. Kwa hiyo ndoo iwe tayari mapema, usingoje tumbo lijae.

Jaza ndoo mchanga uliooshwa, umechanganywa na udongo usio na mbolea, kina chake kisipungue sentimita 30. Uwe na unyevu. Chimba shimo kwa kidole: kuta zikiporomoka, ongeza maji, yakichuruzika, umezidisha. Anachimba handaki hasa, mara nyingi mpaka chini kabisa, na handaki likimwangukia huacha kazi.

Muda ukikaribia, kijani chake hukoza na madoa ya buluu na manjano hujitokeza. Ukipapasa tumbo taratibu, unahisi vijiuvimbe kama njugu. Halafu yeye ambaye hashuki matawini, anashuka.

Hapo, tafadhali, funika tundu kwa shuka. Najua hamu ya kuchungulia, ninayo mimi pia. Lakini akikuona anaacha shimo, na akivurugwa mara kwa mara anaweza kuyazuia mayai hadi yamuue. Akilala shimoni usiku, mwache. Kazi inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Akimaliza hufukia, hushindilia kwa miguu, kisha hupanda tawini amekonda kabisa.

Ukiona macho yamebonyea, au anayafumba mchana, au amelegea wala hachimbi, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia, siku hiyo hiyo. Kusukuma mayai ni kazi ya misuli, na misuli inahitaji kalsiamu. Unga wake unyunyizwe kwenye wadudu tangu ujana wake.

Tena tusimnenepeshe. Jike anayeshibishwa kila siku chini ya taa kali hubeba mayai 60, hata zaidi, na kila uzao unamchosha. Akishakomaa, mlishe siku moja, ruka moja.

Dada mmoja hapa ameuliza mbona kinyonga wa pembe tatu wa kwao Meru hatagi. Ni kweli, huyo huzaa watoto hai. Ila yule wa kijani wa mabondeni na pwani, mwenye vipande vya ngozi shingoni, hutaga ardhini. Ukimkuta akivuka njia na tumbo limejaa, huenda anatafuta pa kuchimba. Watu wetu humwogopa na kumpiga mawe. Inaniuma sana.

Kinyonga wangu wa pili alichimba tangu asubuhi mpaka usiku, nami nimekaa nyuma ya shuka nasikiliza mchanga ukikwaruzwa. Mayai 38. Asubuhi nilimfungulia matone ya maji, akanywa, akanywa, mpaka nikaogopa yataisha.