Bhuj: Mji Mkuu Ulioishi kwa Bahari Usiyoiona

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika.

Bhuj hauna bandari wala mto wa maana. Mwaka 1549 Rao Khengarji wa Kwanza aliufanya makao makuu ya ufalme wa Kutch, magharibi mwa India, karibu na jangwa la chumvi. Nchi kame namna hiyo ililishaje ukoo wa kifalme kwa takriban miaka 400?

Jibu liko Mandvi, bandari iliyo kusini yake. Majahazi yaliondoka huko na kaskazi yakileta nguo za pamba Unguja, na kusi ikiingia yakarudi na pembe za ndovu na karafuu. Ushuru wa Mandvi ndio ulioinenepesha hazina ya Bhuj, na mji ukagonga sarafu yake wenyewe ya fedha, kori. Ukibahatika kuishika kori ya mwaka 1936, itazame vizuri: ina jina la Mtawala wa Kutch, na pia la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu mwaka huohuo.

Huku kwetu, kampuni ya Jairam Shivji, ya Wakutchi, ilikodi forodha ya Unguja, yaani haki ya kukusanya ushuru wake, tangu enzi za Seyyid Said. Tharia Topan, aliyetoka Lakhpat, Kutch, alianzisha ujenzi wa lile jengo la zahanati ya zamani lenye roshani za mbao pale Forodhani kuelekea Malindi.

Ila historia inayosifia majumba tu hainiridhishi. Wakati Bhuj inajenga jumba la Prag Mahal, miaka ya 1860, wapagazi walikuwa wakibeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na wengi hawakurudi. Nao wamo katika hesabu ya utajiri ule.

Meli za moshi ziliihamishia Bombay biashara. Kutch ikajiunga na India mwaka 1947, utawala wake ukachukuliwa na serikali ya India mwaka 1948, na kori ikafa. Kisha tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 likaangusha sehemu kubwa ya mji mkongwe na kuua maelfu ya watu katika jimbo zima.

Mji ulijengwa upya kwa fedha za serikali, viwanda vilivyosamehewa kodi, na jamaa walio ng'ambo. Nendeni Madhapar, kijiji kilichopakana na Bhuj: benki zimepangana, na sehemu kubwa ya akiba zilizomo ni ya Wapatel waliochuma Nairobi na London kwa kazi ya ujenzi na biashara.