Java na databesi: kweri zako zikoje?

Haya jamani tuanze. Swali ninaloulizwa sana ni hili, programu yangu ya Java iongee na databesi kwa JDBC tupu, yaani niandike SQL (lugha ya databesi) mwenyewe, au kwa Hibernate, inayoniandikia? Na mimi huwa nauliza kwanza, kweri zako, yaani maombi unayotuma databesi, zikoje?

JDBC ilikuja na JDK 1.1 mwaka 1997 na mpaka leo huikwepi, maana Hibernate na maktaba nyingine za databesi kama MyBatis na jOOQ, zote chini zinapita humohumo. Ukiitumia yenyewe unaandika SQL kwa mkono, unafungua koneksheni, unasoma mstari mmoja mmoja, unafunga. Inachosha kweli, na ukisahau kufunga ndo balaa, HikariCP, maktaba inayokutunzia koneksheni, usipogusa setingi inakupa koneksheni 10 tu, zikiisha anayefuata anasubiri sekunde 30 halafu anatupiwa kosa.

Hibernate, aliyoianzisha Gavin King mwaka 2001, ikatupunguzia hiyo kazi, wewe unashika objekti SQL inaandika yenyewe. Ila hapa naomba mnisikilize vizuri. Chukua oda 100, kila moja na mteja wake, na mteja umemweka lazy, yaani asivutwe mpaka umguse. Umevuta oda kwa kweri moja, safi, sasa ndani ya lupu unaandika oda.getMteja().getJina(), kamstari kadogo tu kanakoonekana hakana neno, kumbe kila ukizunguka inaenda databesi tena, mwisho wa siku umetuma kweri 101! Kwenye laptopu yako yenye oda tano hushtuki, inakuja kukuumbua kwenye seva. Dawa yake ni hii: select o from Oda o join fetch o.mteja, kweri moja imekwisha. Washa log ya SQL uzihesabu mwenyewe, mi sikubali code ya Hibernate ambayo mwenyewe hajaangalia inatuma nini.

Kwa hiyo kama kazi yako ni fomu, kusave na kuedit, chukua Hibernate bila wasiwasi. Ripoti zenye group by na majoini saba, hapana, andika SQL yako, jOOQ au JdbcTemplate (JDBC iliyorahisishwa ya Spring) inatosha kabisa. Na popote ulipo usiunganishe maneno ya mtumiaji ndani ya kweri, weka alama ya ? upitishe kama parameta, hata JPQL, lugha ya kweri za Hibernate kama ile ya join fetch hapo juu, inadukuliwa hivyohivyo.

Kuchanganya zote mbili ruksa, mi nachanganya, ila Hibernate inashikilia mabadiliko mpaka iflashi, yaani iyatume databesi, ukisoma kwa JDBC kabla ya hapo, hata ndani ya transaksheni ileile, unaona data ya zamani, ita flush() kwanza.