Si Kila Duara Kwenye Ngozi ni Choa

Haya jamani, wa nyuma sogeeni, viti vipo. Leo ni granuloma anulare, jina refu lakini wengi mshaiona, ni vile vipele vigumu vinajipanga duara mgongoni mwa mkono, kwenye kiwiko ama juu ya mguu, katikati ngozi iko kawaida ama imebonyea kidogo, na hapa Kisenyi, Kampala, mtu akiona duara tu ashasema choa, anakimbia duka la dawa, anapewa tyubu ya fangasi anapaka wee, duara liko palepale.

Sasa nyabo, kabla hujanunua tyubu ya pili pitisha kidole. Choa ina magamba, ukingo unakwaruza, na inawasha. Hii nyingine juu ni laini, hakuna magamba, ndani unasikia kama punje za mtama zimezikwa, na mara nyingi haiwashi wala haiumi. Na ule wekundu wa picha za intaneti ni wa ngozi nyeupe, kwetu inakuja kahawia, zambarau ama rangi ileile ya ngozi, ndiyo maana hata manesi inawapita.

Kuna duara lingine msilichezee: ukigusa na pamba mtu hasikii kitu, hiyo inaweza kuwa ukoma, nenda hospitali haraka, dawa zake ni bure.

Hii yetu ya leo, granuloma anulare, haiambukizi, kwa hiyo mtoto msimtengee sahani wala taulo, na maneno ya kurogwa tuyaache. Colcott Fox, daktari wa Uingereza, aliieleza mwaka 1895 na mpaka leo chanzo hakijapatikana, kinachoonekana ni kinga ya mwili inaleta uvimbe kwenye ngozi. Karibu nusu ya watu inaisha yenyewe ndani ya miaka 2, ingawa inaweza kurudi, so kama haikusumbui kuiacha nayo ni matibabu.

Ukitaka dawa, kuna krimu kali za steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, ama sindano zake ndani ya duara, wengine duara linagandishwa kwa baridi kali, ila kwa ngozi yetu baridi inaweza kuacha doa jeupe, mwulize daktari kwanza. Steroidi usijinunulie, kama kumbe ni choa itasambaa na kujificha. Daktari akiwa na shaka atakata kipande kidogo cha ngozi kipimwe. Na mtu mzima akitokwa na maduara mwili mzima, apime sukari na kolesteroli, yaani mafuta kwenye damu, pia.