Kupokezana Pumzi: Usiku Wetu Juu ya Nyiragongo

BAHATI: Karibuni tena, ndugu wasikilizaji. Tuko hapa Goma, niko na dada yangu mkubwa, yaya Furaha, kama kawaida. Yaya, leo ni zamu ya Nyiragongo, ule mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu.

FURAHA: Asante, mdogo wangu. Ilikuwa kiangazi cha 2019, mwaka ule mbuga ya Virunga ilipofungua tena milango kwa wageni. Tuliupanda tukiwa wanane, wote wa kwaya moja. Mama hakutaka hata kusikia. Januari 2002 alikimbia lava na mtoto mgongoni, lava ikakata mji ikaingia ziwani. Akaniuliza, mlima uliotumezea nyumba unaupandia nini?

BAHATI: Ukamjibu nini?

FURAHA: Nilinyamaza. Nilichotaka ni kusimama juu ya huo mlima, niutazame ndani. Tangu utotoni ulikuwa ukinitazama mimi.

BAHATI: Kwa asiyeijua njia: tulianzia Kibati, chini ya mita 2,000, na ukingo wa juu uko mita 3,470. Mita 1,500 na ushee za kupanda kwa siku moja. Msituni tulitembea vizuri. Baadaye ndiyo mawe ya lava.

FURAHA: Mawe yale! Mepesi, yamejaa vitundu, makali kama chupa iliyovunjika. Unakanyaga, linabingirika chini ya kiatu. Nilipofika Shaheru, lile shimo la volkano la zamani lililo ubavuni mwa mlima, kichwa kinagonga, kila hatua ishirini nasimama. Mbele yangu sioni mtu. Nimebaki na mlinzi wa mbuga aliyekuwa nyuma tu. Nikamwambia, baba, mimi narudi. Hakunijibu. Alichukua redio akamwambia mwenzake wa mbele: simamisha watu.

BAHATI: Na mimi nilikuwa huko mbele. Nitasema ukweli, yaya, nilikasirika. Tulikaa pale hadi jasho likakauka, shati likanigandia mgongoni kama bati la asubuhi. Nikawa najiuliza kwa nini tulikuja na watu wasioweza. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

FURAHA: Lilionekana usoni mwako. Nilifika nikitaka kulia.

BAHATI: Nisamehe, yaya.

FURAHA: Nilishakusamehe palepale, ulipochukua begi langu. Lakini aliyetuokoa ni mwalimu wetu wa kwaya. Alituuliza: noti ndefu huwa anaishikilia nani? Tukasema, wote. Ndiyo, huyu akivuta pumzi, yule anaendelea, msikilizaji hasikii pengo. Basi akaniweka mimi mbele kabisa, mwendo wangu uwe mwendo wa wote. Na sharti moja: anayeshindwa kumaliza sentensi bila kuhema aseme, tupunguze.

BAHATI: Hapo ndipo nilipojifunza kutembea. Mwanzo nilikuwa nakimbia, nasimama, nakimbia, nasimama. Kule juu hewa ni nyepesi, mwili unachoka haraka kuliko moyo unavyotaka. Nyuma yako hatukukimbia, na hatukusimama ovyo.

FURAHA: Na kile kipande cha mwisho, chini ya vibanda vya kulala vilivyo ukingoni, kimesimama kama ukuta. Ukungu umeshuka, baridi inauma vidole. Begi langu lilipita migongo saba. Nasikia tu nyuma yangu: «Lete, zamu yangu.» Wasikilizaji, niliyekuwa nimeamua kurudi nilikanyaga ukingo wa kwanza.

BAHATI: Halafu hatukuona kitu!

FURAHA: Wingu tupu. Unasikia tu ngurumo huko chini, kama bahari. Tukala viazi vya kuchemsha, tukalala na makoti yetu. Usiku wa manane mmoja wetu akatoka nje, akarudi akituamsha kibanda kwa kibanda, anatuvuta miguu: limefunguka, limefunguka!

BAHATI: Ziwa la moto. Ngozi nyeusi juu, inapasuka, mistari myekundu inakimbia, inajifunga, inapasuka tena.

FURAHA: Mimi nilitazama, kisha nikageuka upande wa pili. Taa za Goma zote chini yetu, na Gisenyi ya Rwanda pembeni, na ziwa Kivu jeusi. Nikatafuta mtaa wetu wa Majengo, nyumbani. Niliporudi, mama aliniambia kwamba usiku ule hakulala. Alikuwa amekaa uani na kitenge mabegani, macho kwenye ule wekundu wa mlimani. Tulikuwa tunatazamana.