Punguza Redio Kwanza: Hedseti na Masikio ya Marubani wa Helikopta

Wakubwa zangu marubani, mafundi wa ndege, wauguzi wa dharura, na nyinyi vijana mliotoka Nakuru alfajiri, hamjambo. Nashukuru tumekutana Jumatatu. Wikendi huku kwetu magharibi ni mazishi na mikutano ya siasa, na chopa hazipumziki: asubuhi Siaya, mchana Bukhungu, jioni Homa Bay, na katikati ya safari injini haizimwi. Mtu akishuka kwenye kazi ya namna hiyo, masikio huwa yanamlia hadi anapolala. Wengi wenu mmezoea mlio huo na mnauhesabu kuwa uchovu tu. Si uchovu. Ni sikio linaumia.

Kazi yangu hapa Kisumu ni kupima masikio. Nina jambo moja la kuwaambia, na nitalisema sasa hivi ili anayelazimika kutoka mapema asiondoke mikono mitupu: hedseti nzuri ni ile inayokuruhusu kupunguza sauti ya redio. Bei, rangi na jina la kampuni vinakuja baada ya hapo.

Nieleze kwa nini. Helikopta ya AS350, ambayo mnaiona sana katika anga ya Kenya, ina mapanga matatu yanayozunguka karibu mara 390 kwa dakika. Pigeni hesabu: panga linapita juu ya kichwa chako karibu mara 20 kila sekunde. Huo ni mvumo wa chini kabisa, unausikia kifuani kabla ya sikioni. Juu yake kuna giaboksi iliyokaa nyuma ya kichwa chako ikilia kwa sauti nyembamba na kali, kisha turbini, kisha upepo unaopenya milangoni. Na mkivua milango kwa ajili ya kamera, upepo peke yake unatosha kukufunika.

Sasa, sikio la binadamu lina tabia hii: sauti nzito ya chini hufunika sauti ya juu kwa urahisi, lakini ya juu haifuniki ya chini kwa kiasi hicho. Kwa hiyo mvumo wa mapanga unameza maneno ya mnara wa kuongozea ndege. Rubani anafanya nini? Anaongeza redio. Anaiongeza mpaka maneno yashinde mvumo, na sauti hiyo anaipokea kwenye spika iliyo sentimita chache kutoka kwenye ngoma ya sikio, saa baada ya saa. Hedseti aliyoinunua imlinde ndiyo sasa inampiga. Jambo hili linanisumbua kuliko yote nitakayoyasema leo, kwa sababu halionekani. Fundi akipima kelele ya chumba cha rubani, kipimo chake hakisemi kitu juu ya kinachotoka ndani ya kikombe cha hedseti kinachofunika sikio.

Tuangalie viwango. Katika helikopta nyingi ndogo, kelele ndani, ikipimwa kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, huwa kati ya 90 na 105 hivi. Desibeli zina hesabu yake: ukiongeza 3 tu, nguvu ya sauti imekuwa maradufu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inapendekeza mtu asizidi saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zinapoongezeka 3, muda ukatwe nusu. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15. Dakika 15! Kutoka hapa uwanja wa Kisumu hadi Kakamega umeshaimaliza ruhusa yako ya siku nzima, kama huna kinga. Kanuni zetu za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zina mkono mlegevu kidogo: zinaweka ukomo wa desibeli 90 kwa saa 8. Lakini zinamtaka mwajiri awe na mpango wa maandishi wa kulinda usikivu mara kelele ikipita 85. Wenye kampuni mlio humu, mpango huo ni wajibu wenu kisheria. Msingoje rubani auulize.

Mtaniambia: "Daktari wa anga alinipima, cheti changu ni safi." Naamini. Lakini hebu tuone cheti kinauliza nini. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa rubani wa kazi ni kwamba usiwe umepoteza zaidi ya desibeli 35 kwenye sauti za hezi (mitetemo kwa sekunde) 500, 1000 au 2000, wala zaidi ya 50 kwenye hezi 3000, kila sikio likipimwa peke yake. Orodha inaishia hapo. Hezi 4000 haimo. Na madhara ya kelele huanzia papo hapo, kati ya 3000 na 6000, mara nyingi kwenye 4000 kabisa. Mtu anaweza kuwa na shimo kubwa kwenye grafu yake ya usikivu hapo na cheti kikapita bila neno. Cheti kinajibu swali moja: je, leo unaweza kurusha ndege? Hakisemi miaka 10 ijayo utasikia nini. Kipimo chenyewe, kabla hujafika miaka 40, kinaweza kukujia mara moja tu kwa miaka mitano. Kwa hiyo ukienda kupimwa, omba nakala ya grafu nzima, hadi hezi 8000, uiweke nyumbani. Ya mwaka huu ukiilinganisha na ya mwaka ujao, utajua kama hedseti yako inafanya kazi. Seli ndogo zenye vinywele ndani ya koklea, sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, zikifa hazioti tena. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha.

Haya, hedseti. Nimeweka za aina mbili hapa mezani, mtazishika baadaye.

Ya kwanza ni ya kawaida: vikombe vizito, mito ya jeli, chuma cha kubana kichwa. Inazuia kelele kwa unene na kwa kubana. Dhidi ya sauti za juu, kama ule mlio wa giaboksi, inafanya kazi nzuri sana. Dhidi ya mvumo wa mapanga ni dhaifu, kwa sababu mawimbi ya sauti za chini hupenya kuta nyepesi.

Ya pili ina betri. Wenyewe mnaiita ANR. Ndani ya kikombe kuna maikrofoni ndogo inayosikiliza kelele iliyopenya, na kifaa kinatengeneza sauti ya kinyume chake. Tumezaliwa kando ya ziwa, tumeona kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la jingine na maji yakatulia mahali hapo. Ndivyo inavyotokea kikombeni. Wazo hili ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936, ila vifaa vya kulitekeleza havikuwapo. Amar Bose alilifikiria upya akiwa ndani ya ndege mwaka 1978. Mwaka 1986 hedseti za majaribio zilivaliwa na Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia kwa ndege ya Voyager bila kutua, na mwaka 1989 kampuni ya Bose ikaanza kuziuza kwa marubani.

ANR huondoa kelele za chini, takribani chini ya hezi 1000, yaani pale pale ambapo hedseti ya kawaida imeshindwa. Ndiyo maana naipendelea kwa helikopta, hata kwa bei yake chungu. Ukiiwasha, mvumo unashuka, maneno ya mnara yanajitokeza, na mkono wako unaenda wenyewe kupunguza redio. Usipopunguza, umelipa pesa nyingi ukabaki pale pale.

Lakini sikilizeni. ANR haisaidii kitu dhidi ya kelele za juu. Hizo bado zinategemea unene wa kikombe na mto. Hedseti nyepesi ya betri yenye kikombe chembamba itakupa raha masikioni na bado giaboksi ikule. Ukienda kununua, ivae kwanza ikiwa imezimwa. Kama imezimwa haizuii kitu, iache dukani. Betri nazo hufa angani, na betri bandia zimejaa madukani mwetu. Nunua mahali unapopaamini na uwe na jozi ya akiba mfukoni. Jambo jingine, kabla ya kuruka na hedseti mpya, hakikisha ukiwa chini kwamba unasikia vizuri kila king'ora cha tahadhari. Kwenye helikopta ya R44, king'ora cha mzunguko wa mapanga kupungua hulia kwenye asilimia 97. Ukichelewa kukisikia, hutapata nafasi ya pili. Na zile hedfoni za kusikilizia muziki, hata ziwe nzuri vipi, ziache kwa muziki. Hazikuundwa wala kuidhinishwa kwa kazi hii.

Sasa mito. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ulinzi mwingi unapopotelea, na kurekebisha hakugharimu sana. Kikombe kinalinda kama mto umegusa ngozi pande zote. Penye upenyo mdogo, sauti za chini huingia kana kwamba kikombe hakipo, na ANR yenyewe huanza kuhangaika. Miwani ya jua yenye mikono minene hufungua upenyo. Kofia ya kepu pia. Nywele zilizosukwa nene pia; dada zetu marubani na wauguzi wachague mtindo unaolala. Joto la Kisumu mnalijua: jasho linashuka, mto unateleza, na rubani anasukuma kikombe kimoja nyuma ya sikio apate hewa. Sikio hilo moja halina kinga yoyote tena. Chumvi ya jasho hukausha mito ikawa migumu na kupasuka. Ibonyeze kwa kidole: kama hairudi polepole na kwa ulaini, badilisha. Kuna vitambaa vya pamba vya kufunika mto. Jasho linapungua sana, na uvumilivu unaongezeka. Miwani nunua ya mikono myembamba, iliyonyooka, inayolala bapa kichwani.

Kuna namba ya NRR kwenye paketi, yaani desibeli ambazo kinga inapunguza. Ni kipimo cha maabara, mtu amevishwa vizuri na ametulia. NIOSH inashauri kwa vikombe uikate robo, halafu ukilinganisha na desibeli za kawaida za kazini uondoe 7. Tuseme paketi inasema 23. Robo ikitoka inabaki 17, toa 7, zinabaki 10. Kelele yako ni 100, sikio linapokea 90. Kwa kiwango cha NIOSH hiyo ni kama saa mbili na nusu tu kwa siku, na bado hatujahesabu redio.

Ndipo ninapoleta hivi vizibo vya sponji vya kuingiza masikioni. Vaa vizibo, kisha hedseti juu yake. Kinga mbili hazijumlishwi moja kwa moja. Makadirio ya kawaida ni kuongeza desibeli 5 tu juu ya ile iliyo bora. Lakini 5 hizo zinatutoa 90 hadi 85, na saa mbili na nusu zinakuwa 8. Kwa rubani ambaye hana pesa ya ANR mwaka huu, huo ndio ushauri wangu wa kwanza. Kivae hivi: kiviringe kati ya vidole kiwe chembamba, pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kisukume ndani, kishikilie hadi kivimbe. Kikiwa kinaonekana kimetokeza nje, hakijaingia. Redio itabidi uiongeze kidogo, na hapo ni sawa, kwa sababu kizibo kinaipunguza kabla haijafika ndani. Jeshi la Marekani lilikwenda mbele likatengeneza kizibo chenye spika ndani yake, kinachovaliwa chini ya helmeti. Anayevaa helmeti akikipata, ni kinga nzuri mno.

Maikrofoni ikae karibu kabisa na mdomo na iwe na sponji yake. Ikiwa mbali, inabeba kelele ya chumba na kuimwaga katika masikio ya kila aliye kwenye intakomu. Plagi nazo mziangalie kabla ya kulipa: helikopta nyingi hutumia plagi moja ya U-174, ndege za mabawa hutumia mbili. Za mitumba za kijeshi huwa na spika zenye ukinzani wa umeme wa ohm 8 hivi wakati mfumo wa kiraia unatarajia 150 au zaidi. Zitaingia, lakini hazitasikika vizuri, nawe utaongeza redio.

Walio chini wasisahauliwe. Kijana anayejaza mafuta injini ikinguruma, anayeongoza ndege kutua, muuguzi anayekimbia na machela: hao hawana redio masikioni, basi wavae vizibo na vifuniko vya masikio pamoja.

Dada muuguzi ameniuliza juu ya mgonjwa. Swali zuri, maana mgonjwa hawezi kujitetea. Mvishe vifuniko, na mtoto mvishe vya saizi yake. Usitie kizibo sikioni mwa aliyeumia kichwa, na hasa sikio linalotoka damu au maji; hapo funika kwa nje tu.

Odiometa, mashine ya kupimia usikivu, iko chumba cha pili. Waliotua leo asubuhi siwapimi sasa, kwa sababu sikio lililotoka kwenye kelele husoma vibaya kwa muda. Wakae angalau saa 14 mbali na kelele, hedfoni za simu zikiwa zimewekwa kando, waje kesho saa tatu asubuhi, na kila mmoja aje na hedseti yake tuangalie mito.