Mizinga minne ilipotea, na bado namtetea Bigelow

Haya tukae. Walionisikia mwaka jana wanajua naelekea wapi, mnivumilie tu, maana kila nikitaja Gettysburg, ile ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mtu ananiletea Pickett, Pickett, Pickett, yule jenerali wa Kusini wa shambulio la siku ya mwisho, utadhani vita ile ilikuwa ya siku moja. Zilikuwa siku tatu, Julai 1863, na leo mimi nabaki jioni ya tarehe 2, tena kwenye shamba moja, la Trostle.

Jenerali Sickles wa Kaskazini kashasogeza jeshi lake mpaka kwenye bustani ya mapichi bila ruhusa ya Meade, mkuu wake, hiyo mnaijua, siirudii. Bustani imevunjwa, askari wa miguu wanakimbia, na kule nyuma kwenye kilima cha Cemetery Ridge pengo liko wazi, hakuna mtu. Aliyebaki mbele ya pengo ni Kepteni John Bigelow na betri ya 9 ya Massachusetts, yaani kikosi cha mizinga cha Kaskazini, mizinga sita, watu 104, na hiyo ndo vita yao ya kwanza kabisa.

Sasa kamba. Naomba muielewe kamba, mengine tutayakimbiza. Mzinga ukiufunga kwenye kigari chake cha mbele farasi sita wanauvuta, sawa, lakini huwezi kupiga, na adui yuko hapo hapo, ukigeuka tu amekwisha kufika. Bigelow akafunga kamba ndefu katikati ya mkia wa mzinga na kigari. Unapiga, mzinga wenyewe unaruka nyuma kwa teke lake, kamba inalegea, farasi wanaivuta mpaka ikaze, mnajaza, mnapiga tena, wanavuta tena, yadi 400 hivi mnarudi kinyumenyume huku mdomo wa mzinga haujaacha kumtazama adui. Kuna mtu ataniambia hiyo si akili yake, iko kwenye vitabu vya mafunzo. Ndiyo iko. Na kuogelea nako kuko kwenye vitabu, nenda basi kajaribu siku ya kwanza mkondo ukiwa mkali.

Wakafika kwenye kona ya ukuta wa mawe wa Trostle wakijua wameokoka. Hapo ndo anakuja Luteni Kanali McGilvery, mkubwa wa mizinga, anamwambia hapana, baki hapa, kwa gharama yoyote, mpaka nipange mizinga mingine kule nyuma kwenye kijito cha Plum Run. Bigelow akabaki. Wakapanga makopo chini kando ya mizinga, yale ya bati, kila moja lina vyuma 27 ndani, ukilipiga linapasuka na vyuma vinatawanyika kama umemwaga gunia la njugu. Wale askari wa Kusini, wa Mississippi, wakaja tu, wakapanda juu ya masanduku ya risasi wakaanza kuua farasi. Farasi, sikilizeni, maana bila farasi mzinga hauendi popote. Farasi 80 kati ya 88 waliuawa au kujeruhiwa. Ile picha ya Timothy O'Sullivan mliyoiona mlangoni, farasi wamelala mbele ya nyumba ya Trostle miguu imekakamaa, ndo hao, na mtu wa kwanza kuingia leo kaniuliza hao ni ng'ombe?

Mizinga minne ikachukuliwa. Watu 28 waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana. Mnaosema alishindwa, kwa sababu kupoteza mizinga ni aibu kwa mpiga mizinga, nawauliza kila mwaka na sijajibiwa: ile nusu saa hivi aliyowazuia adui pale ukutani ilikuwa ya nani? McGilvery alishapata mizinga yake Plum Run, na wale wa Mississippi walipovuka shamba hawakukuta pengo tupu. Mizinga minne baadaye ilirudishwa, nusu saa ingerudishwa na nani?

Muda umekwisha naona. Mpiga tarumbeta Charles Reed nilitaka nimpe dakika kumi, basi kwa haraka: kepteni kapigwa risasi, kaamuru aachwe, Reed kakataa, kampandisha farasi akamwongoza polepole katikati ya pande mbili zinazopigana, medali akaipata 1895, miaka 32 baadaye, ofisi ni ofisi. McGilvery mwenyewe, nahodha wa meli kutoka Maine, aliponea kote huko, 1864 akafia kwenye dawa ya usingizi wakimkata kidole. Kidole!

Wewe wa nyuma, mkono uko juu tangu nilipotaja kamba. Karibu.